Mkufu Tuliouita Wetu

Mama alipofariki, mimi na dada yangu tuligombania mkufu wa dhahabu wa nyanya, hata tukakata shauri upimwe, mmoja auchukue na mwenziwe afidiwe. Nikaupeleka kwa sonara wa Kihindi, Malindi mjini. Hata kwenye mizani hakuutia. Aligeuza kifungo chake, akaiona alama ya marehemu babake.

"Huu baba alimfulia mama wa jirani yenu," akasema taratibu. "Nyanya yako aliuazima kwao, mamako aolewe nao. Mimi nilidhani mlisharudisha."

Uso ukanishuka. Kwetu bibi harusi kuvaa dhahabu ya kuazima ni jambo la kawaida, na mwenye mali huona haya kudai. Lakini jirani yetu, binti wa yule mama, kila alipoozesha alikuja kwetu kuuazima mkufu huo. Mara ya mwisho nilimkabidhi mimi, tena kwa ukavu: "Mama, tafadhali usiupoteze, huu ni urithi wetu."

"Sitaupoteza, mwanangu," alinijibu.

Harusi ilipokwisha aliurudisha, kausugua unang'aa, kaufunga kwenye kitambaa safi, akanishukuru.