Nusu Sekunde ya Mama

Kwa wiki mbili sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: anayechelewa ni mama, au ni kisanduku changu?

Kanisa letu la mabati kule Endarasha liko kilimani, juu ya shamba letu, ng'ambo ya ua wa kayaba. Tangu nikiwa mtoto, mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hakukuwa na kinanda. Alitoa mstari mmoja, akina mama wakajibu, na kabla jibu halijaisha yeye alikuwa ameshashika mstari unaofuata. Nilikaa benchi la nyuma, miguu haifiki chini, baridi ikipenya chini ya mlango, na ile sauti ikinipa joto. Nilipokuwa chuoni, sikutamani chakula cha nyumbani kama nilivyotamani kumsikia akishika mstari.

Kisha akaanguka, akavunjika nyonga. Kilima kikamshinda. Mimi, mhitimu wa uhandisi ninayefunga mitandao ya ofisi na hoteli huko Nanyuki, nikajitolea kumrudisha kanisani bila yeye kutoka kitandani. Simu tulikuwa tumejaribu, sauti ikakokota. Nikavuta waya wa mtandao kupitia chini ya kayaba, maikrofoni na spika kila upande, na katikati kisanduku nilichokiunda mwenyewe.

Upande wa mama niliweka chipu ya mtandao yenye kasi ya megabiti mia kwa sekunde. Upande wa kanisa niliweka ya kasi mara kumi zaidi, nikihofia kwamba siku moja mia haitatosha. Kasi zikitofautiana, kisanduku hakiwezi kupitisha sauti papo hapo. Lazima kiipokee, kiiweke, ndipo kiitoe. Nikakipa nafasi ya kuiwekea. Nikaogopa itajaa na neno lipotee, nikaiongeza. Nikaogopa tena, nikaiongeza tena.

Jumapili ya kwanza mama aliimba, akina mama wakajibu, kisha kimya. Wote wakaangalia spika. Mstari wake ukafika mwendo wa wimbo ukiwa umeshakatika.

"Mama, umelala?" mwenyekiti wa akina mama akauliza kwenye maikrofoni, kanisa zima likacheka.

"Ni uzee, wangu," mama akajibu, naye akicheka.

Jumapili ya tatu mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeanzisha nyimbo. Nilipompigia mama simu jioni, aliniambia amezima maikrofoni ya upande wake. "Waache waimbe. Mimi niko na masikio, inatosha."

Hapo ndipo usingizi ulipopotea. Kama ni kisanduku, nilikuwa nimemnyang'anya mama nafasi yake kwa mikono yangu. Kama ni yeye, basi ile sauti ya utotoni ilikuwa imekwisha, na kipimo changu ndicho kingethibitisha. Niliahirisha kupima Jumamosi moja, nikisema mvua itanyesha. Haikunyesha.

Jumamosi iliyofuata nilienda. Kanisani nilielekeza maikrofoni kwenye spika, nikashuka chumbani kwa mama, nikapiga kofi moja. Kofi likaenda kanisani. Tukangoja. Likarudi baada ya karibu nusu sekunde.

"Ati hilo kofi limepitia Nyeri kwanza?" mama akauliza.

Sikuweza kucheka. Kila alipoimba, alikuwa akingoja jibu la wenzake lirudi kwa njia hiyo ndefu, likikaa kwanza kwenye ile nafasi niliyoiongeza na kuiongeza, ndipo ashike mstari. Hakuwa amechelewa hata mara moja. Alikuwa akiingojea hofu yangu.

Nilikifungua kisanduku juu ya meza yake. Nikatoa ile chipu ya kasi, nikaweka ya megabiti mia kama ya mama, na ile nafasi ya kuiwekea sauti nikaipunguza, nikabakiza kidogo sana. Sasa sauti ingepita inapoingia. Ila waya ukitetereka, spika ingekwaruza mbele ya watu wote. Nilikaa na bisibisi mkononi nikifikiria kuongeza nafasi kidogo tu, kwa usalama.

"Funga hiyo kitu, chai inapoa," mama akasema.

Nikafunga. Nikapiga kofi. Safari hii lilirudi viganja vikiwa bado havijaachana.

Jumapili nilisimama kabla ya wimbo wa kwanza. "Mama hakuchelewa," nikasema. "Mimi ndiye niliyemchelewesha. Kosa lilikuwa la kisanduku changu."

"Injinia!" mwenyekiti akasema. "Na tumemcheka huyo mama bure?" Akaichukua maikrofoni. "Mama, tusamehe. Tushikie."

Nilirudi benchi la nyuma. Mama akaanza, wakajibu, na kabla jibu halijaisha alikuwa ameshashika mstari wa pili. Katikati ya wa tatu spika ikakwaruza. Mwenyekiti akageuka kuniangalia.

Sikuinuka kwenda kukifungua kisanduku. Nilijibu wimbo pamoja na wengine.