Siku sita Burundi: nilichagua Gitega, kumbe niliyekuwa namtafuta nilimpita Muyinga nikiwa nimelala

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya, miaka mingi nachungulia tu nyuzi zenu na kucheka peke yangu. Leo nimeamua kuandika. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mwaka huu huu, na wale wazee wa "hii ni chai" nawaomba msome mpaka chini kabisa ndipo mlete vikombe.

Kazi yangu ni upimaji ardhi, nipo Kahama. Maisha yangu ni ramani na ratiba. Hata sokoni nikitumwa nyanya naenda na karatasi, mke wangu ananicheka hadi leo.

Baba yangu ni Mrundi. Alivushwa akiwa mdogo, miaka mitano hivi, wakati wa vurugu za huko, na baba yake mdogo. Huyo baba mdogo alishafariki zamani. Baba anaitwa Ciza, na hapa hapa Kahama mtaani wanamwita Mzee Ciza ingawa hata sitini hajafika.

Kuhusu Burundi alikuwa haongei. Ukimuuliza atakwambia walikuwa wanakaa Mutaho, mkoa wa Gitega, wakakimbia kwa miguu hadi Giteranyi, mkoa wa Muyinga, akavuka. Mama yake alifia njiani. Alikuwa na wakubwa zake wawili, hajui walipo. Mwisho wa hadithi, anawasha redio.

Sasa nikapata likizo ya siku sita. Nikamwambia, "Mzee, naenda kwenu."

Akapunguza sauti ya redio. Halafu akasema, "Ukimkuta mtu wa kwetu, hata mmoja, nipigie niongee naye. Usipomkuta, usinisimulie chochote."

Wakuu, hiyo kauli ilinikaa kifuani. Mtu mzima, ana wajukuu, na kwenye sikukuu zote upande wake wa viti huwa mtupu. Upande wa mama wanajaa mpaka wanakaa kwenye ndoo.

Basi nikakaa na ramani. Siku sita hazitoshi mikoa miwili, lazima kuchagua. Nikasoma nyuzi za humu, karibu wote mnasema Gitega: kuna makumbusho, kuna ngoma za Gishora, hali ya hewa safi. Na mimi kwa akili za mpima ardhi nikajiambia, mtu anaanzia pale alipozaliwa, huo ndio mpaka wa kwanza. Nikachagua Gitega. Muyinga nikaiwekea alama ya "kupita tu".

Na kweli nilipita tu. Jumatano nikaingia kupitia Kabanga, upande wa pili ni Kobero, ambayo iko Muyinga hiyo hiyo. Nikapata gari, nikaegemea kioo, nikalala. Kuja kuzinduka tuko Karusi, Muyinga yote imeshabaki nyuma. Hiyo sehemu muikumbuke.

Gitega ni mji mtulivu aisee. Milima kila unapogeuka, na baridi ya asubuhi inakutoa usingizini bila alamu. Ila mafuta ya gari ni shida, kwa hiyo usafiri unausubiri. Watu wanatembea, au wanapanda baiskeli.

Alhamisi nikaenda Mutaho. Senta ndogo, maduka kadhaa, baiskeli zimebeba mikungu ya ndizi. Nikaanza kazi. Nilikuwa na jina la babu kwenye cheti changu, Bigirindavyi, jina ambalo shuleni lilikuwa halitoshi kwenye mstari mmoja. Nikawa nauliza, "Naitafuta familia ya Bigirindavyi."

Watu wakarimu sana. Wakaniletea Bigirindavyi wa kwanza, fundi viatu. Hatuna undugu. Wakanipeleka kwa wa pili, mzee wa upande wa Bugendana, nikatembea kilima kwa kilima muda wa saa mbili, magoti yanapiga kelele. Hatuna undugu. Ijumaa wakaniletea wa tatu, dada anayeuza sambusa, na yeye ndiye aliyenicheka waziwazi.

"We iko unatafuta jina ama mutu?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Nilinunua sambusa nne nikarudi Gitega nimechoka na nimenuna. Siku mbili zimekwenda na sina kitu.

Nikasema liwalo na liwe. Jumamosi naenda kuangalia ngoma za Gishora, nipige picha, Jumapili nianze kurudi, mzee nisimwambie chochote kama alivyotaka.

Jumamosi asubuhi nikatoka na begi. Barabara nyeupe! Hakuna gari, hakuna duka lililo wazi. Nikadhani kuna msiba wa kitaifa. Kumbe Jumamosi asubuhi nchi nzima ni kazi za pamoja, watu wanasafisha mitaro na kulima barabara mpaka saa nne na nusu hivi. Mimi mtu wa ratiba hilo sikuwa nimelisoma mahali popote.

Nikasimama pale nimeduwaa na begi mgongoni. Mbele ya duka la vipuri vya baiskeli kulikuwa na Mhindi mmoja wa makamo, fulana na gambuti, anazibua mtaro. Nilikuja kumjua kwa jina la Karim. Babu yake alizaliwa hapo hapo Gitega.

"We mugeni," akaniita kwa Kiswahili cha huko kilichochanganyika na Kifaransa. "Samedi asubuhi hakuna gari. Kamata jembe, saa zitaenda."

Nikakamata jembe. Ningefanya nini?

Tukawa tunachimba, ananihoji. Nikamweleza kila kitu, mzee, Mutaho, akina Bigirindavyi watatu. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Mais non! Huku jina ya babu haiendi kwa watoto. Kila mutoto anapewa yake. Unaweza kupata ndugu sita, majina sita. Baba yako mwenyewe anaitwa nani?"

"Ciza."

Jembe lake likasimama. "Ciza ya kuzaliwa?"

"Ndiyo."

"Basi mbele yake kuna mapacha. Mukubwa ni Bukuru, mudogo ni Butoyi. Mutoto mwenye anafuata mapacha, huyo ndiye Ciza. Na mama akizaa tena, ni Cishahayo. Hiyo haichaguliwi, inakuja yenyewe. Na mama ya mapacha mulima muzima wanamuita Inamahasa. Hilo ndilo ungeuliza."

"Nyuma ya baba hakuna mtu," nikamwambia kwa kujiamini kabisa. "Yeye ni wa mwisho."

"Bon," akasema, akaendelea kuchimba.

Wakuu, nilijisikia mjinga. Nimebeba jina la Ciza tangu nazaliwa, nikilisaini kwenye kila ramani, halafu naelezwa ukoo wangu na muuza cheni za baiskeli! Mdogo wangu nilipomsimulia baadaye aliniuliza kama cheti cha upimaji nilikinunua.

Nikampigia mzee hapo hapo kwa simu ya Karim, mikono ina matope.

"Baba, wakubwa zako walikuwa mapacha?"

Sauti ikatoka ndogo, "Nani amekwambia?"

"Jina lako. Walikuwa Bukuru na Butoyi?"

Akaanza kulia. Sikuwahi kumsikia baba analia. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kukisema: waliachana na mama na mapacha Giteranyi, si njiani huko mbali. Baba mdogo alimvusha yeye kwanza, akamwahidi wengine wanafuata. Kila siku akawa anauliza mama anakuja lini, mpaka siku moja akaambiwa mama amekufa. Nafikiri yule baba mdogo alichoka kuulizwa.

Nilipomsimulia Karim, hakufikiri hata kidogo. "Achana na Mutaho. Mama akipotezea mutoto mahali, anakaa pale pale. Enda Muyinga."

Nikaangalia saa. Ngoma za Gishora ziko karibu, ningewahi na picha ningepata. Muyinga ni kurudi nilikotoka, kwa gari la kubahatisha, kwa dhana ya mtu niliyemjua kwa saa mbili tu. Niliwaza kama dakika tano nzima nimeegemea jembe. Nikachagua Muyinga. Karim akamsimamisha mtu anayemjua mwenye Probox, nikabanwa katikati ya magunia mawili ya maharage, tukaondoka.

Safari hii sikulala, nawaambia ukweli. Kila mlima niliutazama kama ninaupima.

Jumapili asubuhi nikatoka Muyinga mjini hadi Giteranyi, kipande cha mwisho kwa baiskeli ya abiria. Dereva wake ni mtu mzima, ndevu za mvi, anapanda mlima huku anaongea kama amekaa sebuleni. Sikuuliza tena Bigirindavyi. Nikasema, "Natafuta nyumba ya Inamahasa, mama wa Bukuru na Butoyi. Walitokea Mutaho, zamani, wakati wa kukimbia."

Akafunga breki.

"Inamahasa ya Mutaho? Huyo alikufa, sasa miaka imepita. Bukuru alikufa mutoto. Butoyi naye hayuko tena." Nikajua ndiyo basi, nimefika nimechelewa, na mzee sitamwambia chochote.

Halafu akasema, kawaida tu, "Lakini Cishahayo iko. Ni pale kwenye migomba."

Wakuu, nilishuka kwenye baiskeli bila kujua nimeshuka.

Nilimkuta mama wa miaka hamsini na kitu, anapepeta maharage mbele ya nyumba. Paji la uso ni la baba. Hata namna ya kukunja mdomo anapofikiri ni ya baba. Nikamsalimia, akanipa kigoda, akaniletea maji, hakuniuliza neno mpaka nilipomaliza kunywa. Ndiyo adabu ya kule, na mimi nilikuwa nakaribia kupasuka.

"Shikamoo mama. Unaitwa Cishahayo?"

"Ni mi."

Kabla sijaendelea, yeye mwenyewe akadakia, kwa mazoea tu, anachekacheka huku ungo uko mapajani.

"Ukitaka kuuliza, uliza, nimezoea. Tangu mutoto kila mutu akisikia jina yangu anauliza: na Ciza, iko wapi? Ku shule, ku kanisa, ku soko. Mama alikuwa na mimba yangu wakati Ciza alivuka, hakujua mi iko ndani. Mama alinifundisha kujibu: iko anakuja. Basi mi najibu hivyo hivyo mpaka leo."

Nikasema, "Mimi ni mtoto wake."

Ungo ukamwagika. Maharage yote chini. Hakuna aliyeokota.

Giteranyi iko karibu na mpaka, laini yangu ya Tanzania ilikuwa inashika kwa kusuasua. Nikapiga. Baba akapokea mlio wa kwanza, nadhani alikuwa ameshika simu tangu jana yake.

"Baba, kuna mtu," nikasema, nikampa shangazi simu, nikaweka sauti ya nje.

Shangazi ndiye aliyeanza, akasema, "Mi naitwa Cishahayo."

Baba hakuuliza yeye ni nani. Alisema tu, taratibu, "Kwa hiyo mama hakufa."

Maana jina hilo hapewi mtu mpaka mama awe hai na azae tena baada ya Ciza. Miaka yote hiyo baba alikuwa yatima kwa neno la mtu mmoja, na jina la dada yake likamwambia kwa mara moja kwamba mama yake aliishi na akazaa; kwamba alikaa pale pale mpakani akimngoja mpaka uzee, hilo alisimuliwa na shangazi.

Wakalia wote wawili. Na mimi, na mwenye baiskeli, ambaye hata hela yake hakuwa amekumbuka kudai. Baadaye jirani akapita na ndoo kichwani, akauliza kuna nini. Shangazi akasimama, akapaza sauti yule jirani asikie na kilima cha pili kisikie:

"Ciza iko Kahama!"

Jumatatu nikarudi nyumbani. Ngoma sikuziona, makumbusho sikuyaona, picha za Gitega nilizonazo ni tatu na mojawapo ni ya mtaro.

Nilichojifunza si kwamba Muyinga inaishinda Gitega. Bila Gitega na ule mtaro wa Jumamosi nisingejua hata niulize nini. Ila kabla hujachora ratiba ya kwenda kwenu, kaa na mzee wako umuulize jina lake lilitoka wapi, nani alikuwa mbele yake na nani nyuma. Mimi nilianza na ramani, nikampita shangazi yangu nimelala mdomo wazi.

Sasa nahitaji msaada wenu, hasa mnaotumia njia ya Kabanga na Kobero. Mzee hana pasipoti. Hati ya dharura ya kusafiria inachukua siku ngapi kwa sasa, na mtu mwenye magoti mabaya apandie gari wapi ili asibadilishe magari mengi? Na wenye majina kama haya kwenu, yanayojipanga yenyewe, tupeni visa vyenu hapo chini, nitasoma yote.

Jibuni mapema tafadhali. Ratiba safari hii kaipanga mzee mwenyewe, kituo ni kimoja tu, na begi lake liko mlangoni tangu juzi.