Ndege ya Vita Niliyoifuata Mpanda

Nilifunga safari ya Mpanda kwa sababu ya picha moja ya simu. Mpwa wangu Rehema, muuguzi anayeishi Kawajense, alinitumia picha ya bawa la ndege limelala kwenye majani marefu, na mbuzi amesimama juu yake kama abiria aliyechelewa. Chini aliandika: "Mjomba, huu si ndio ugonjwa wako?"

Ndio ugonjwa wangu. Nimetengeneza ndege maisha yangu yote mpaka nikastaafu, na mimi na wenzangu wachache hapa Mwanza tuna ndoto ya kupata ndege moja ya zamani tuifufue, watoto waje waiguse. Picha ile niliitazama mpaka chai ikapoa. Bawa lilikuwa la ndege ya mabomu, ya Vita Kuu ya Pili. Wenzangu wakanituma nikaangalie kama inafufulika.

Kutoka Tabora nilipanda treni ya Mpanda, ambayo haina haraka na mtu. Inakatiza misitu ya miombo, inasimama, inafikiri, inaendelea. Kila stesheni akina mama walileta asali kwenye chupa za maji, nami nikanunua huku akili yangu iko kwingine. Kabla ya kufika nilikuwa nimeshaipaka ndege rangi kichwani mwangu.

Mpanda, Rehema alinipokea kwa ugali na samaki aina ya migebuka, akapima begi langu kwa mkono. "Mjomba, umebeba spana badala ya nguo?" Kesho yake tukachukua bodaboda mpaka kijiji kimoja upande wa Katumba. Watu wengi wa huko ni familia zilizotoka Burundi miaka ya sabini, zikapewa pori, zikalifyeka kwa jembe. Leo ni Watanzania, na mahindi yao yanaliwa mbali.

Tulipokaribia kijiji nilisikia kengele ya kanisa. Nimezoea kengele zetu za rimu za gari, zinazolia kama sufuria iliyoanguka. Hii ilikuwa nyingine kabisa: nene, tulivu, ikipigwa sauti inabaki hewani. Mwenyeji wetu, Bwana Nyandwi, mrina asali na mzee wa kanisa, alikuja kutupokea akiwa bado ameshika nondo ya kuipigia. Nikamsifia kengele yake.

"Hiyo inasikika mpaka ng'ambo ya mto," alisema kwa furaha. "Marehemu baba ndiye aliyeileta. Iko kule nyuma ya kanisa, tukirudi nitakuonyesha."

Mkewe, Mama Bukuru, alitupatia maji ya kunywa, akapokea ile nondo. Mchana akina mama walikuwa na mazoezi ya kwaya, na yeye ndiye angewaita.

Porini tulitembea nyuma ya Nyandwi mpaka miguu yangu ya mjini ikaanza kulalamika. Halafu nikaiona. Jamani, nilivua kofia! Ilikuwa imelala kwa tumbo kati ya miti, pua imezama kwenye kichuguu. Bawa moja lilikuwa limekatwakatwa na wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria, na hilo liliniuma. Lakini kiwiliwili kilikuwa kizima, na mbavu zake nilipozigonga kwa kidole zilijibu vizuri. Nyandwi alisimulia alivyosikia kwa wenyeji wa zamani: wazungu walitoka humo wakiwa hai, wakachukuliwa, ndege ikaachwa.

"Inafufuka!" nikamwambia Rehema. "Miaka michache tu, inafufuka!"

"Subiri kwanza," Nyandwi alisema. "Ina wenyewe." Nyuki walikuwa wamehamia kwenye chumba cha rubani, naye hurina asali humo kila msimu. Akawasha mwenge wa majani makavu, akaupitisha chini ya tumbo la ndege, akipuliza moshi ndani taratibu kama alivyofundishwa na baba yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Milango ya tumboni ilikuwa imeoza. Nikamulika kwa simu. Juu ya kichwa changu, hatua moja kutoka kwenye mwenge, bomu lilikuwa limening'inia kwenye kishikio chake, mapezi ya mkia yakiwa mazima.

"Zima moto!"

"Nyuki watatuuma, mzee wangu."

"Zima, nakuomba!"

Akaukanyaga mwenge huku akinishangaa. Ndipo nikaona kishikio cha pili pembeni. Kilikuwa kitupu.

"Hapa palikuwa na nini?" nikauliza.

"Mtungi mwingine kama huo. Baba na ndugu zake waliufungua wakauleta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Huu uliwashinda kwa kutu."

"Uko wapi sasa?"

Nyandwi akacheka. "Si ndiyo kengele uliyoisifu?"

Hapo hapo ikalia. Ilikuja kupitia miti, nene, tulivu, nzuri. Mama Bukuru alikuwa anawaita wenzake kwenye kwaya. Ikalia tena. Baada ya kila pigo nilisubiri lile ambalo lingekuwa la mwisho.

"Mjomba, una nini?" Rehema alinishika bega.

"Bomu," nikasema. "Hili ni bomu. Na lile ni bomu."

"Mana yanje!" Nyandwi alimwita Mungu kwa Kirundi, akaanza kukimbia.

Tulimkuta nyuma ya kanisa amesimama kati ya mkewe na kengele, mikono ameitandaza. "Nyie mmepatwa na nini?" Mama Bukuru aliuliza, nondo mkononi. "Hata sijamaliza." Bomu lile lilikuwa limefungwa mnyororo kwenye boriti, na pale linapogongwa chuma kilikuwa kinang'aa kwa miaka ya kupigwa. Alipoambiwa, aliilaza nondo chini polepole kama yai, kisha akakaa vumbini. "Harusi zote," alisema. "Wajukuu zangu wote. Nilikuwa nawanyanyua na wao waipige."

Tulitoa taarifa polisi, na wataalamu wa mabomu wa jeshi walipofika, kijiji kizima kilihamishiwa mashambani. Mabomu yote mawili yalikuwa bado yamejaa baruti, mkubwa wao alituambia. Kengele walikwenda kuilipua shimoni. Lile la kwenye ndege lilikuwa limeshikwa na kutu. Lilipaswa kulipuliwa pale pale, pamoja na ndege. Nyandwi aliomba ahamishe nyuki wake kwanza, akakataliwa, akageuka pembeni kufuta macho. Mkubwa yule akaniangalia mimi. "Mzee, nasikia ulikuja kuifufua."

"Lipueni," nikasema. Nilimaanisha, na bado ardhi ilipotetemeka nililia.

Kabla ya kurudi Mwanza nilipata kipande kimoja tu cha kubeba: bapa la pangaboi la injini, lililokuwa limeanguka mbali kwenye majani. Niliwaza kuwapelekea wenzangu wasije wakasema nimerudi mikono mitupu. Lakini Jumapili ile watu walikuja ibadani kila mtu kwa wakati wake, wengine mahubiri yameisha. Nikatoa vifaa vyangu, nikalisugua bapa likang'aa, nikalitoboa, nikalining'iniza kwenye boriti ile ile.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, wahenga walisema, na mimi nimejifunza kwamba hata likijulikana, kucha kwake huchelewa. Kanisa zima lilisimama nje likitazama bapa, hakuna aliyesogea. Mama Bukuru akaniletea nondo.

"Anza wewe, fundi."

Nilijua ni chuma kitupu, nimekishika kwa mikono yangu, nimekitoboa mwenyewe. Nikainua nondo, nikafumba macho, nikapiga.