Mzee Apumzishwe

Fundi wa pampu hakuwa mwanasayansi, wala hakuwahi kujisingizia. Pale kwenye kituo cha utafiti wa bahari wengine walijua samaki, wengine mwani. Yeye alijua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Aliyavuta baharini, akayasukuma hadi kwenye matangi ya maabara, kisha akakaa kwenye kiti chake chenye mguu uliofungwa kamba, akasokota masharubu. Maabara aliingia pale tu bomba lilipopasuka. Kwake tangi ni lita. Aliyemo ndani shauri yake.

Vijana wa kituo walimwita Fundi mbele yake na Mzee nyuma yake. Alijua, maana masikio anayo. Masikio hayohayo ndiyo yaliyomponza.

Wageni walikuwa wamefika, watafiti wa chuo kingine waliokuja kushirikiana na wa kituo katika kazi moja. Ushirikiano wenyewe ulikuwa kikao asubuhi, kikao mchana, na chai katikati. Chumba cha vikao kilipakana na chumba cha pampu, na ukuta ulikuwa mwembamba kama ahadi ya mkopaji. Katikati ya mngurumo wa mashine Fundi akaisikia sauti ya Mkurugenzi, mama asiyepoteza maneno.

"Mzee amechoka."

Spana ikamdondoka. Hapo Fundi akafanya jambo ambalo angemkaripia mtu mwingine yeyote kwa kulifanya: akazima pampu ili asikie vizuri.

"Mwendo umepungua," Mkurugenzi aliendelea. "Siku nzima amejikunyata kwenye kona yake. Mimi naona apumzishwe. Ijumaa."

"Sisi tutaridhika na kichwa," mkuu wa wageni akasema kwa adabu.

"Kichwa chukueni, hatuna ugomvi."

"Fundi! Maji!" mtu akapiga ukelele kutoka maabara. "Samaki wanapinduka huku!"

Akawasha pampu haraka, nayo ikayameza maneno yote yaliyobaki.

Nyumbani mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo.

"Kupumzishwa ndiyo nini?"

"Ndiyo kufukuzwa, ila kwa heshima."

"Na kichwa?"

"Kichwa cha pampu, mke wangu! Wale wageni wanakichukua kichwa cha pampu. Italetwa mashine mpya ya kubonyeza, na kijana wake wa kuibonyeza."

Mkewe akaweka nguo chini. "Ukipumzishwa, utapumzikia wapi?"

"Si hapa?"

"Hapa wapi? Sikiliza, baba. Nakupenda, Mungu shahidi. Lakini nakupenda kuanzia jioni. Likizo iliyopita ulifungua feni isiyo na ugonjwa, mpaka leo inapuliza dari."

Hakuwa mwanamke wa kulia kabla ya msiba. Alitoka, akarudi na pakiti ya rangi ya nywele, akamkalisha mumewe chini ya taa. Kesho yake Fundi alifika kazini na masharubu meusi tii, yamekaa usoni kama yameazimwa.

Juma hilo hakutembea, alikimbia. Alibeba peke yake mabomba ya kubebwa na wawili. Alipanda ngazi mbilimbili, ingawa goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kususa mambo hayo. Kila Mkurugenzi alipokatiza uani, Fundi alianza kupiga mluzi.

"Fundi, unakimbizwa?" mpishi wa chai alimuuliza.

"Damu inachemka tu, dada."

"Basi ipoze. Na hayo masharubu, yanavuja."

Kweli yalikuwa yakivuja. Maji ya chumvi na rangi ile havikupatana hata kidogo. Fundi akajifuta kwa kiganja, akaenda kujifungia chumbani mwake, na huko akanywea. Kazi aliipenda, hilo halina ubishi. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba amejadiliwa kama mashine mbovu, na habari zake mwenyewe kazipata ukutani.

Ijumaa ikafika, nayo haikumkuta bila silaha. Alikuwa ametunga hotuba, akaijaribu mbele ya pampu, na pampu haikupinga. Mkurugenzi alipotuma mtu kumwita maabara, alivaa shati la kupiga pasi. Akawakuta wote wamesimama kuizunguka meza, wa kituo upande huu, wageni upande ule. Wote walikuwa wamevaa glavu. Mezani palikuwa na kisu chembamba.

Kisu kile hakikuwemo katika hesabu zake. Hata hivyo, maji akishayavulia nguo, atayaoga.

"Fundi, tunaomba ufunge..." Mkurugenzi alianza.

"Samahani, mama. Nina maneno kuhusu Mzee."

Wakatazamana. "Sema," akasema Mkurugenzi.

"Nimesikia apumzishwe. Sawa, mwendo umepungua, sikatai. Anapenda kona yake, sikatai. Lakini ile kona ndiyo anayoijua! Amewavumilia humu ndani miaka na miaka, taa zenu, kelele zenu, na hajawahi kumdhuru mtu. Wengine mlimkuta hapa. Nyinyi wageni mnataka kichwa: kichwa mlikileta nyinyi? Na chakula anakula vizuri! Wahenga walisema utu uzima dawa, nyinyi mnataka kuimwaga dawa yenyewe. Mimi nasema aachwe mpaka achoke mwenyewe."

Mmoja wa wageni, msichana mwenye miwani, alikuwa akifuta macho kwa mkono wa koti.

"Fundi," Mkurugenzi alisema taratibu, "sikujua unampenda namna hii."

"Nani?"

Mkurugenzi akanyoosha kidole. Ndani ya tangi la pembeni, amejikunyata kwenye kona, alikuwamo kambakoche mkubwa ajabu, yale masharubu yake marefu yakipepea polepole majini. Juu ya kioo palibandikwa karatasi: MZEE.

Damu yote ilimshuka Fundi hadi kwenye viatu, kisha ikapanda tena kwa furaha. Kumbe kichwa ni kichwa kweli! Kumbe yeye ni mzima, kazi anayo, na mkewe atampenda jioni kama kawaida. Alichotakiwa ni kufunga koki na kwenda zake. Akaishika koki. Kambakoche akageuza masharubu kumwelekea, na mkono wa Fundi ukagoma.

"Huyohuyo," akasema. "Ndiye niliyekuwa namsemea."

Pakawa na minong'ono ya wakubwa wawili. Kambakoche, walisema, akikatwa mguu huota mwingine. Basi wageni wachukue mguu mmoja, kituo mmoja, kichwa kibaki kwa mwenyewe. Huo ndio ulikuwa ushirikiano wa kwanza kukamilika bila chai.

"Lakini iko siku atachoka kweli, Fundi," Mkurugenzi alimwambia walipobaki wawili.

"Najua, mama. Siku hiyo mumwambie yeye mwenyewe, ana kwa ana. Asiisikie ukutani."

Mkurugenzi akautazama ukuta wa upande wa pampu. Akayakumbuka yale maji yaliyokatika ghafla. Kisha akamtazama Fundi, ambaye jasho lilikuwa likimteremshia mchirizi mweusi kutoka kwenye masharubu hadi kidevuni, na hakucheka.

"Nitamwambia yeye kwanza," akasema. "Nakuahidi."

Akampa kitambaa ajifute.