Pazia la Vipande Vitatu

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita mama kwa jina lake. Alikuwa Mama Mapazia, na ukiuliza hivyo hata mtoto anayejifunza kutembea angekupeleka mpaka mlangoni. Alishona mapazia tangu sijazaliwa. Magauni hakutaka kuyasikia. "Gauni lina mwenyewe," alikuwa akisema, "na mwenyewe hunenepa bila taarifa. Dirisha halinenepi."

Ustadi wake ulikuwa kwenye theluthi. Kukunja kitambaa nusu, alisema, si kazi: unakutanisha ncha na ncha, umemaliza. Tatu ndiyo kazi. Alikitandaza sakafuni, akaleta upande mmoja ndani, akaulaza mwingine juu yake, kisha akaanza kuzisogeza kwa viganja, kidogo huku, kidogo kule, mpaka kingo zikubaliane zenyewe. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kama pambo. "Theluthi haipimwi," alituambia. "Inabembelezwa."

Watoto wake tuko watatu. Kaka mkubwa ana duka la misumari na rangi. Mdogo wetu wa mwisho tunamwita Kitinda, na ingawa sasa naye ana wajukuu, jina limemganda. Mimi ni wa kati. Kama hujawahi kuwa wa kati, nitakuambia kulivyo: mkubwa anasikilizwa, mdogo anadekezwa, wewe unatumwa dukani. Nimelisema hilo maisha yangu yote na leo sitaacha.

Chumba cha mama kilikuwa na dirisha moja pana, linatazama jua linapochomoza, na pazia la kijani alilolishona mwaka alioolewa. Jua likilipiga, chumba kizima kiligeuka kijani: kuta, shuka, hata meno yetu. Tulilala watatu kwenye godoro moja chini yake. Upepo ukiingia pazia lilijaa taratibu, likashuka, likajaa tena, na sisi tukanyamaza tukijifanya tuko chini ya bwawa, tunasubiri samaki wapite. Mama naye, macho yamefumba, alituuliza kutoka kitandani, "Wamepita?" Tukamjibu, "Bado." Siku nyingine nilikuwa nimeshalala tena na bado nawaona wakija, wakubwa, polepole, wakigusa ukuta kwa mapezi. Mpaka leo sijui ndoto zangu zinaishia wapi na rangi ile inaanzia wapi.

Uzee haukumpigia hodi. Macho yalififia, kisha kumbukumbu ikaanza kutoka na kurudi kama paka wa jirani. Siku moja alisahau sufuria jikoni mpaka moshi ukawatoa majirani nje. Kaka akatuita dukani kwake, tukakaa juu ya ndoo za rangi.

"Mama hawezi tena kuishi peke yake," alisema. "Na sitaki mtu aje kusema kaonewa. Mwaka una miezi kumi na miwili, sisi watatu. Minne minne. Sawasawa."

"Umemgawa mama kama mafungu ya nyanya," nikamwambia.

"Wewe una njia nyingine?"

Sikuwa nayo, na hilo liliniudhi zaidi. Kitinda alikuwa ameshaanza kulia, na Kitinda akilia hakuna kikao tena.

Tulipomwambia mama, alicheka. "Mmenikata vizuri. Hesabu ya kaka yenu haiachi chenga." Kisha akageukia dirisha. "Nina hofu moja tu, wanangu. Asubuhi. Siku hizi nikiamka sijui niko wapi. Nangoja ile rangi. Ikija, najua niko kwangu, na mengine yote yanarudi nyuma yake. Huko kwenu nitajuaje?"

Mama akajipiga paja. "Lishusheni hilo pazia. Kila nyumba itakuwa na rangi yake."

Akalitandaza sakafuni, akapiga magoti. Macho hayakuona vizuri lakini viganja havikusahau. Akabembeleza, huku kidogo, kule kidogo, na tuliomzunguka tulishusha pumzi kingo zilipokubaliana. Lakini hakukata kwenye mikunjo. Alichukua chaki akasogeza mistari nje, akakipa kipande cha kati nyongeza kutoka kwa vile vya pembeni.

"Mama, hapo si sawa," kaka akasema. "Cha kati kikubwa."

"Nyamaza wewe, uza misumari yako. Hivi vya pembeni kila kimoja kina upindo wake wa zamani upande mmoja. Nitapinda upande mmoja tu. Cha kati kinakatwa kushoto, kinakatwa kulia. Mshono utakila pande zote mbili. Ukitaka mwisho wawe sawa, huyu lazima umpe zaidi mwanzoni."

Akakata. Akapinda. Akaviweka vitatu kimoja juu ya kingine, na hakuna kilichomzidi mwenzake hata kwa uzi. Kaka alipiga makofi. Mama akakichomoa kile cha kati akaninyooshea. "Hiki cha wa kati. Ndicho kilichopewa zaidi," alisema, "ila kikishashonwa hakionekani." Nilikipokea. Nilikuwa na malalamiko ya miaka mingi mdomoni, nayo yakakosa pa kutokea.

Alianza kwa kaka. Kaka alisema mambo ni mazuri, mama anakula, mama analala. Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimetundika kipande changu dirishani, nikajisifu. Lakini theluthi ni theluthi: ilifunika katikati tu, jua jeupe likapita pande zote mbili, na ukutani pakabaki mstari mmoja wa kijani. Mama alifumbua macho akautazama ule mstari kwa muda mrefu.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Wale wawili. Walilala hapa jana."

Nikamweleza. Alitikisa kichwa kwa adabu, akakunja shuka lake vizuri, akalipapasa. "Umenikirimu sana, mwenye nyumba," akaniambia. "Nisikuchoshe. Nitaondoka lini?"

Niliingia jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie. Mchana alinikumbuka, akanitania kuhusu mapazia yangu ya dukani. Asubuhi iliyofuata nikawa mwenye nyumba tena.

Kwa Kitinda alifungasha begi kila kukicha. Siku moja Kitinda alipomkuta mama amesimama getini, viatu mkononi, akiuliza wapita njia kama wameona dirisha lake, alitupigia simu, na kwa mara ya kwanza hakuwa analia. Kaka alifika akiwa na kipande chake kimekunjwa kwapani.

"Kwangu pia aliniita mwenye nyumba," alisema, macho chini. "Sikutaka mjue."

Tukamrudisha chumbani kwake. Kaka akafungua kufuli, mimi nikafagia. Kwamba sasa sisi ndio tutakaokuja kwake kwa zamu, hata hatukulijadili. Kaka alifungua mdomo aseme minne minne, nikamtazama, akaufunga.

Nilishona vile vipande kwa cherehani yake, yeye kwenye kiti cha pembeni, akisikiliza sindano na kunikemea inapokwenda mbio. Kitambaa kilikuwa cha zamani. Ningefumua pindo kingechanika, kwa hiyo niliunganisha upindo juu ya upindo. Tulipolitundika, halikufika. Lilibaki pungufu kiganja kizima upande wa kitanda. Kaka alilivuta kushoto, akalivuta kulia, akachukua futi kabisa.

"Lakini vilikuwa sawa!" alisema. "Vyote vitatu, niliviona kwa macho yangu!"

"Vilikuwa sawa," mama akamjibu. "Nani alikuambia vitatosha?"

Usiku huo tulilala sisi watatu sakafuni kwenye godoro moja, watu wazima na migongo yetu, Kitinda katikati akikoroma. Nilizindukana jua likichomoza. Kijani kilikuwa kimeshaingia, kimepanda ukutani, kimefika kwenye dari, na pazia lilijaa, likashuka, mishono yake miwili ikionekana wazi. Pale lisipofika, mwanga mweupe ulianguka moja kwa moja juu ya mkono wa mama. Vidole vyake vilikuwa vinauchezea. Nilisubiri aniite mwenye nyumba.

"Wamepita?" mama akauliza, macho yamefumba.

Kaka ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo.

"Bado, mama."