Pombe ya Kuchimbia Mfereji

Dada yangu Getruda alizeeka bila kujua kununua mboga. Alikuwa na dimba. Kwetu, upande wa Peramiho, dimba ni shamba la bondeni, kwenye ardhi yenye majimaji, unapopanda magimbi na maharage wakati huko juu kumekauka. Lilikuwa la mama. Mama alipokuwa anakata roho alimwita Getruda mbele ya wanawake waliomuuguza, akasema, "Bonde ni lako. Walee wadogo zako." Wadogo wenyewe ni mimi, Lidwina, na Leo, kitindamimba, mwanaume pekee.

Magimbi ya dimba lile ndiyo yaliyomsomesha Leo. Mimi na Getruda hatukukaa darasani. Tulibeba vikapu kwenda kuuza ili Leo apate kaptula na daftari. Baadaye Getruda aliolewa, akarudishwa kwa kukosa mtoto, na siku ileile aliyorudi akashuka bondeni na jembe. Watu walimcheka.

"Getruda kaolewa na tope!"

"Tope halifukuzi mtu," aliwajibu.

Mimi niliolewa mjini Songea, Lizaboni, lakini kila kiangazi nilipanda kwenda kumsaidia kuvuna.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Ushirika ukashindwa kununua mahindi, mbolea ikawa haishikiki, kila mtu akatafuta zao jipya la kumtoa. Ndipo Leo aliporudi kutoka kaskazini, alikokuwa kibarua kwenye shamba la matunda la wageni. Walikuwa wamempunguza kazi. Alirudi na miche ya stroberi ndani ya gunia lililoloweshwa maji.

"Ni tunda dogo, jekundu, laini kama shavu la mtoto," alituambia. "Mahoteli ya mjini wanalitaka. Wazungu wa miradi wanalitaka. Dada, nipe kona tu ya juu."

Getruda alimpa. Angemnyimaje mtoto aliyemlea?

Kwetu kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Unapika pombe, unawaita majirani, wanafanya kazi, wanakunywa. Na kazi inakuwa ya aliyepika pombe. Jina lake ndilo linalotajwa. Leo hakuwa na mke, basi akamwendea dada.

"Nipikie komoni, Dada. Nataka kuchimba mfereji mdogo. Stroberi ikisimama kwenye maji inaoza mizizi."

"Wa kwenye kona yako?"

"Wa kwenye kona yangu."

Getruda akaotesha ulezi wake mwenyewe, akapika. Siku ya kazi alikuwa juu nyumbani, anachuja na kugawa. Wanaume walipanda kunywa na kushuka tena, na Remmy, jirani yetu mwenye mdomo, akawa anapiga kelele, "Mama, ongeza! Pombe hii isipoisha, mfereji utafika Msumbiji!" Getruda alicheka. Nilikuwepo, nami nilicheka.

Jioni tuliposhuka tukaukuta mfereji umeanzia kwenye kona ya Leo, umepita katikati ya magimbi, karibu na chemchemi, mpaka kijitoni. Maji meusi yalikuwa yanakwenda kwa haraka, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

"Leo, hii ndiyo kona?"

"Maji lazima yapate pa kwenda, Dada."

Mwaka wa kwanza stroberi zilizaa. Leo alikata matete yote ya bondeni kutandaza chini ya matunda yasiguse udongo, akapuliza dawa kwa bomba la mgongoni, akapeleka matunda mjini kwenye vikapu vilivyofunikwa majani. Watu walimsifu. Lakini kiangazi kilipokolea, magimbi yalilala. Bonde lililokuwa linanyonya mvua na kuitoa kidogokidogo sasa lilikuwa linamwaga yote mwezi wa nne. Leo naye akaanza kuchota chemchemi kumwagilia tunda lilelile alilolikimbizia maji. Asubuhi na jioni, keni kwa keni, mpaka chemchemi ikabaki tope.

"Mdogo wangu," Getruda aliniambia, "hata vyura hawalii tena. Nasikiliza, hakuna."

Wanawake waliochota maji kule chini hawakumfuata Leo. Walimfuata yeye. "Wewe na pombe yako, mmetunywea maji!"

Getruda akaenda kwa baba mkubwa Otto kushitaki. Aliomba mfereji ufukiwe na dimba libaki lake kama mama alivyosema. Tukakaa kikao. Remmy akaitwa.

"Ulichimba mfereji wa nani?" Otto akamuuliza.

"Mzee, nilikunywa pombe ya Getruda. Nitasemaje mfereji ni wa mtu mwingine?"

Watu wakacheka. Leo aliangalia chini, hakusema neno. Angesema neno moja tu.

"Na bonde? Nani alimsikia marehemu akiligawa?"

Wanawake wawili wakasimama.

"Wanaume?"

Hakuna aliyesimama. Otto akasema mfereji ni kazi ya Getruda mwenyewe, hawezi kuulalamikia, na bonde ni la mtoto wa kiume. Kumbe mtu anaweza kupika chungu cha kumzika mwenyewe, na watu wakashiba.

Getruda hakuacha. Alishuka peke yake na kikapu, akawa anarudisha udongo mferejini. Masika yakaja, yakausomba udongo wote, mfereji ukawa korongo. Stroberi nazo zikakauka mwaka uliofuata, na Leo akahamia Msamala kufungua duka. Aliliacha bonde kama mtu anavyoacha ganda la ndizi.

Nikamchukua dada, akaja kukaa kwangu Lizaboni. Nilimtuma gengeni kununua mboga, akarudi mikono mitupu. "Nimeona aibu," alisema. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alipungua tu, mpaka akafa.

Msibani Leo alilia kuliko sisi sote. Alisimama akasema, "Dada azikwe bondeni, kwenye dimba lake. Nampa." Watu wakamsifu kwa moyo wake.

Zamani ukikanyaga pale kwa kisigino, maji yalitoka. Remmy na wenzake walichimba kaburi mpaka mwisho, majembe yakatoka na vumbi.

"Udongo mkavu, mzuri," Remmy alisema akijipangusa jasho. "Mama atapumzika vizuri hapa."

Padri alipomaliza, Leo akanijia na mkono mbele. "Dada Lidwina, tumebaki wawili. Tusameheane."

Niliificha mikono yangu ndani ya khanga, nikapanda mlima peke yangu.