Taa ya Tyubu na Mama Mkwe Wangu

Mkitaka kucheka chekeni, lakini mjue mimi mwenyewe mpaka leo sijacheka, na nikipita sokoni Kiirua na magunia yangu ya viazi kuna akina mama wananiangalia miguu kwanza ndipo waje usoni, na hiyo aibu yote niliipata kwa sababu ya taa.

Ile taa ndefu ya tyubu ya sebuleni ilikuwa imeshinda wiki nzima ikipepesa kama jicho lililoingia vumbi, inawaka, inazima, inawaka upande mmoja, inanguruma kama nyuki, mpaka ukikaa chini yake kunywa chai kichwa kinauma. Fundi aliyeifunga nilimwita, akasema atakuja kesho (kesho ya mafundi mnaijua). Na jioni hiyohiyo mama mkwe wangu alikuwa anakuja na wazee wa kanisa kuiombea nyumba yetu mpya, mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu tangu nimuoe binti yake. Na kwetu Meru mama mkwe unamheshimu kwa umbali, hata kochi moja hamkai.

Mke wangu Kendi akaniambia, "Baba Mwenda, achana na hiyo taa. Tutawasha karabai."

Karabai! Nimehangaika kuvuta stima mpaka kwa nyumba, halafu mama mkwe nimpokee na karabai, aende akasimulie kwao kwamba binti yake aliolewa gizani? Nikakataa katakata.

Nikaanza na stata, kale kadude keupe kanakowasha tyubu, nikakatoa nikaweka kale ka taa ya jikoni. Wapi! Nikageuza tyubu yenyewe, ikazidi kupepesa, kama inanidharau. Basi nikajua ni waya zimelegea huko ndani. Nikaenda nikazima swichi kubwa ya kwenye veranda (mimi si mjinga), nikavuta meza ya chakula katikati ya nyumba.

Sasa jirani yangu Gitonga, mwenye bucha, alikuwa amesimama dirishani akiniangalia kana kwamba nimemwajiri kunisimamia.

"Jirani, toa mshipi kwanza. Hicho chuma cha mbele kinavuta stima!"

Nikatoa. Mniulize kwa nini nilitoa, na stima nimeshaizima mwenyewe! Na suruali ilikuwa ya zamani, ya kabla taifodi haijanimaliza mwili. Nikapanda mezani, nikaisukuma tyubu ndani ya vishikio vyake ikakaa vizuri, nikavuta taa kidogo nione waya, na hapo skrubu zote zikang'oka kwenye dari (huyo fundi alizifunga na nini, mate?), taa nzima ikanijia kichwani, nikaidaka kwa mikono miwili, nikabaki hapo juu nimeishika, imening'inia kwa waya tu. Nikiachilia, tyubu inapasuka na dari inashuka nayo.

Nikaita Kendi. Kendi alikuwa langoni anapokea wageni.

Wakaingia wakiimba. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka, nyumba ina kagiza, lakini waliniona, msiniambie hawakuniona! Nikasema, "Karibuni, karibuni sana, naomba mmoja tu anisaidie kushika hapa."

Mzee M'Mugambi, kiongozi wao, akainua mkono. "Utasaidiwa, mwanangu. Lakini kwanza tumshukuru Mungu aliyetufikisha. Tufumbe macho."

Jamani! Mtu amebeba taa juu ya kichwa na wewe unafumba macho? Akaomba. Akaombea safari, akaombea mvua, akaombea ng'ombe wa Kendi mwenye mimba, akaombea watoto walio shule na wale walioacha, na suruali nayo ikaanza safari yake. Nikabana magoti. Ikapita. Nikabana vifundo, lakini hapo tayari ilikuwa imefika chini, na kilichonipa moyo ni kwamba macho yote yamefumbwa na giza lipo, labda kabla ya amina nitapata namna.

Sasa Gitonga, huyohuyo wa mshipi, akiwa huko nje akaona nyumba ya watu ina giza na wageni wameingia, akaenda veranda akawasha swichi kubwa. Kusaidia, eti!

Na ile taa, iliyonisumbua wiki nzima, ikawaka mikononi mwangu bila kupepesa hata mara moja, nyeupe pee. (Ningekufa! Mnaelewa kwamba ningekufa?) Wote wakafumbua macho kabla ya amina.

Baridi ya Kiirua mnaijua, na siku hiyo asubuhi nilikuwa nimevaa ndani taitsi ya sufu ya mke wangu. Ya pinki.

Halafu mama mkwe akageuza uso ukutani, akasema polepole, "Kendi, hiyo si ile niliyokununulia Meru mjini?"

Na Kendi, mke wangu wa ndoa, badala ya kunifunika alikimbilia jikoni, nikasikia sufuria zikianguka kwa vile alivyokuwa akicheka.

Ndipo wazee wakashika taa, nikavuta suruali yangu. Lakini kuna kilichoniudhi kuliko yote. Baada ya chai Mzee M'Mugambi akasema mama mkwe amevunjiwa heshima, lazima nitoe mbuzi. Mimi! Fundi hakuulizwa kitu, Gitonga hakuulizwa kitu, na yeye mwenye maombi marefu ndiye aliyekuwa hakimu. Nikatoa mbuzi, beberu wangu mzuri, na Gitonga ndiye aliyekuja kumchinja, akala mbavu huku akinieleza kwamba kosa langu ni kuvaa suruali kubwa.

Sasa nimeapa. Taa yangu ikipepesa naiacha ipepese mpaka ichoke, na mgeni asiyetaka karabai ajue njia ya kurudi kwao.